Mwanafunzi na Swali Lake

Wanaoandika historia ya elimu ya Afrika ya Mashariki wametuachia mengi. Twajua miaka ya kufunguliwa kwa shule, majina ya wakurugenzi, hesabu ya watahiniwa, na amri zilizotolewa na serikali moja zikafutwa na serikali nyingine. Walakini liko jambo moja ambalo karibu halina mwandishi, nalo ni habari ya mwanafunzi wa sekondari aliyetoka darasani na swali la fizikia au la pembetatu asilolielewa, akaenda kulitafutia msaada. Alimwendea nani? Alijibiwa kwa lugha gani, na kwa uso wa namna gani? Mtu aliyemjibu hana jina katika majalada ya ofisi. Pengine alikuwa kaka yake aliyefika darasa la kumi, pengine mwenziwe wa kitanda cha pili bwenini, pengine karani wa bandari aliyependa hesabu kama wengine wapendavyo bao. Hakulipwa wala hakuandikwa. Nami nadhani kwamba sehemu kubwa ya fizikia iliyopata kueleweka katika nchi hizi ilieleweka mbele ya mtu wa namna hiyo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na fizikia si kazi yangu. Lakini jirani zangu hawabagui daktari na daktari. Aitwaye kwa jina hilo huombwa dawa ya homa, tafsiri ya ndoto na jibu la hesabu kwa mlango mmoja. Kwa sababu hiyo nimepata kuona madaftari mengi ya watoto wa watu, na nimeona kwamba mara nyingi kinachomzuia mtoto si hesabu yenyewe. Ni neno. Mtoto aweza kugawanya, kuzidisha na kutafuta kipeo bila kusita. Kisha hukutana na jina geni, akasimama mbele yake kama mgeni asimamavyo mbele ya mlango uliofungwa, asijue kama agonge au arudi.

Kwa muda mrefu chombo kikuu cha masomo haya kilikuwa kitabu chembamba cha majedwali ya tarakimu nne. Ndani yake mlikuwa na logarithi, na saini, kosaini na tanjenti za pembe tangu digrii 0 hata 90, safu kwa safu, bila neno moja la maelezo lililoweza kumsaidia mtu peke yake. Upande wa kulia wa kila ukurasa mlikuwa na safu nyembamba za tofauti. Katika saini na tanjenti tofauti hizo hujumlishwa. Katika kosaini hutolewa, maana pembe ikizidi kosaini hupungua. Mwanafunzi aliyefundishwa kujumlisha katika ukurasa wa kwanza alijumlisha katika kurasa zote, akapata jibu lililopotea kidogo tu, akawekewa mkasi mwekundu asijue kosa lake liko wapi. Kumwonyesha jambo hilo kulitaka dakika mbili na mtu mmoja mwenye subira. Kikokotoo kimekiondoa kitabu hicho katika madarasa mengi ya ulimwengu, lakini ugeni wa majina yaliyokuwamo haukuondoka pamoja nacho.

Hebu tulitazame jina moja, maana lina historia inayotuhusu. Wahindi wa kale, na miongoni mwao Aryabhata aliyeandika karibu na mwaka 499, walipotaka kupima pembe walichora upinde, wakaangalia ugwe wake. Nusu ya ugwe ndiyo waliyoiwekea hesabu, na ugwe kwa lugha ya Kisanskriti ni jya, au jiva. Waarabu walipoipokea elimu hiyo hawakulitafsiri neno. Waliliandika kama walivyolisikia, jiba, kwa herufi zao zisizotiwa irabu. Baada ya miaka mingi wafasiri wa Kilatini wa karne ya 12 walizikuta herufi hizo, wakazisoma jaib, maana yake uwazi wa vazi kifuani au mfuko. Wakaandika sinus, ambalo kwa Kilatini ni mkunjo wa nguo au ghuba. Hivi ndivyo ugwe wa upinde wa Mhindi ulivyogeuka mfuko wa kanzu ya Mwarabu, ukaishia kuwa ghuba ya Mrumi, na mtoto wa Tabora au wa Mombasa huambiwa aseme saini. Msomaji aliyewahi kufungua waraka wa Kiswahili ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, pasipo irabu zote kuwekwa, hatawacheka wafasiri hao. Anajua jinsi ilivyo rahisi kulisoma neno lisilokuwapo.

Tanjenti ina habari ya karibu zaidi. Wanachuoni wa Kiislamu waliiita kivuli. Walikuwa na vivuli viwili: kivuli cha kijiti kilichosimamishwa juu ya ardhi, na kivuli cha kijiti kilichochomekwa ukutani. Kimoja ni kotanjenti ya leo, na cha pili ni tanjenti yenyewe. Abu'l-Wafa al-Buzjani, aliyekufa mwaka 998, alitengeneza majedwali yake, na al-Biruni aliandika kitabu kizima juu ya vivuli. Haja yao moja ilikuwa sala. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea mwambao wetu, wakati wa alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wa kitu chenyewe, baada ya kuongezwa kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Katika nchi zetu jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka. Siku hiyo kivuli cha adhuhuri hakipo kabisa, na alasiri huingia jua likiwa katika pembe ya digrii 45. Mtoto wa chuo cha Kurani aliyepima kivuli chake kwa nyayo zake amekwisha kuona kwa macho kwamba tanjenti ya digrii 45 ni 1. Hakuna aliyemwambia. Ajapo sekondari huambiwa jambo lile lile kwa jina jingine, kama kwamba limeshuka leo kutoka Ulaya, naye hulikariri.

Twaa swali ambalo hutolewa kila mwaka, kwa maneno haya au mengine: mtu amesimama mita 10 kutoka shina la mnazi, akikitazama kilele kutoka usawa wa ardhi huinua macho kwa digrii 60, mnazi una urefu gani? Anayesaidia aweza kumwambia mtoto afungue jedwali, asome 1.7321, azidishe kwa 10, aandike mita 17.3. Hesabu imekwisha, na mtoto hana alichopata isipokuwa alama. Au aweza kumwuliza kwanza: kama ungeinua macho digrii 45, mnazi ungekuwa na urefu gani? Mtoto aliyepima kivuli atajibu mita 10. Basi umeinua zaidi ya hapo. Mnazi ni mrefu zaidi ya mita 10 au mfupi? Kwa mara ngapi? Hapo ndipo jedwali huwa na kazi, kwa sababu mtoto anakwenda kulisoma akijua analolitafuta.

Fizikia nayo ina mlango wa namna hiyo. Wachukuzi wa bandarini na wa sokoni hawakusubiri kitabu kuwafundisha kupandisha pipa juu ya gari la mizigo. Sakafu ya gari ikiwa mita 1 juu ya ardhi, huegemeza mbao za mita 2, wakalisukuma pipa kwa kulibingirisha. Pipa la kilo 200, ambalo watu wawili hawalinyanyui kwa urahisi, hupanda kwa msukumo unaolingana na kunyanyua kilo 100, tukiuacha msuguano. Kimo cha gari ni nusu ya urefu wa mbao. Nusu hiyo ndiyo saini ya digrii 30, na ndiyo sehemu ya uzito inayobaki ya kusukumwa. Mchukuzi hujua pia bei ya unafuu huo: nguvu ni nusu, safari ni maradufu. Ukizidisha 200 kwa 1, au 100 kwa 2, hupata hesabu moja. Mambo mawili ambayo vitabu huyatenga katika sura mbili, moja ya hisabati na moja ya fizikia, yamekutana juu ya ubao mmoja. Nimewaona vijana wakiandika saini ya pembe mara mia wasijue kwamba wanaizungumzia kazi ya baba zao.

Sisemi kwamba Kiswahili hakina maneno ya elimu hii. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na istilahi kama mchapuko, tungamo na kani zimekuwako kwa muda mrefu. Neno kani lanipendeza hasa. Kabla ya kuingia fizikia lilikuwa neno la watu: mwenye kani ni mbishi, asiyeachia neno lake. Kulitia katika elimu ya mwendo ni uchaguzi mzuri, maana jiwe nalo halitoki mahali pake mpaka lishindwe. Lakini istilahi huishi darasani au hufa, na hizi zimeishi zaidi katika makabati. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho kilichofanywa lugha ya kufundishia shule za msingi za serikali za Tanzania Bara. Mlango wa sekondari ukifunguliwa, lugha hugeuka Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee hata sekondari, na mpango huo uanze mwaka 1985. Haukuanza. Yaliyosemwa kwa ajili yake na dhidi yake yamejaza vitabu, wala sitayarudia. Natia neno moja tu la mwanahistoria: muda wote huo, huku mjadala ukiendelea juu, msaada wa jioni ulikuwa ukitolewa kwa Kiswahili. Swali lilisomwa kwa Kiingereza, likaelezwa kwa Kiswahili, likajibiwa tena kwa Kiingereza kwenye daftari. Serikali haikulipanga jambo hilo, nayo haikulizuia. Baadaye sehemu ya msaada huo iligeuka biashara na kuitwa tuisheni, na habari yake ni nyingine.

Walakini lugha peke yake haitoshi. Mtu aweza kukujibu kwa lugha ya mama yako akakufukuza. Ushahidi wa jambo hili tunao, nao umeandikwa na mwanafunzi mwenyewe. Ni nadra sana kupata hati ya namna hiyo, na kwa sababu hii yafaa tukae nayo.

Katika mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, kwenye milima ya Usambara. Wavulana wa shule hiyo walizoea kutengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakachanganya na sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayatia katika jokofu la shule. Nafasi ya jokofu ilikuwa chache na wateja wake wengi. Siku moja Mpemba alikuwa akichemsha maziwa yake, akamwona mwenziwe anachanganya yake na sukari bila kuyachemsha, ili awahi. Akaona akisubiri yapoe atakosa sinia la mwisho. Basi akayatia yakiwa moto, huku akijua kwamba huenda akaliharibu jokofu. Baada ya saa moja na nusu walirudi kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenziwe yalikuwa bado uji mzito.

Alimwendea mwalimu wake wa fizikia akamwuliza sababu. Akaambiwa kwamba alichanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Mpemba aliamini. Ni vema kulitia maanani neno hilo, kwa sababu wasimuliaji wa siku hizi hupenda kumfanya shujaa tangu mwanzo. Hakuwa, alikuwa mwanafunzi mtiifu aliyemwamini mwalimu wake kuliko macho yake.

Kilichomgeuza ni msaada uliotoka mahali pasipo na ubao wala chaki. Likizoni alikutana Tanga mjini na rafiki yake aliyekuwa akifanya biashara ya aiskrimu. Rafiki huyo alimwambia kwamba yeye hutia mchanganyiko ukiwa moto ili ugande upesi, na kwamba alifundishwa na ndugu yake aliyekuwa katika kazi hiyo kwa miaka mitano. Mpemba akawauliza wauzaji wengine; wakasema vivyo hivyo. Hao hawakujua kanuni iliyosema kwamba jambo lao haliwezekani, na riziki yao ilitegemea kuganda kwa maziwa. Katika historia ya maarifa sijui kama wauza aiskrimu wa Tanga wamepewa mahali pao.

Akafaulu, akaenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari. Somo la kwanza la fizikia lilikuwa joto, nalo lilifika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Akauliza tena. Mwalimu huyu naye alimjibu kwamba alichanganyikiwa. Na kijana alipozidi kushikilia, akaambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Darasa likalipenda neno. Tangu hapo, asimulia, alipokosea kusoma logarithi katika jedwali mwalimu alisema hiyo ndiyo hisabati ya Mpemba, na wenziwe wakalitumia kwa kila kosa alilofanya, la somo lolote. Nimekwisha kueleza jinsi ilivyo rahisi kukosea katika kitabu kile cha majedwali. Hapa kosa dogo la safu, ambalo dakika mbili zingelitengeneza, liligeuzwa jina la mtu.

Tusiwaonee walimu hao. Hoja waliyokuwa nayo ni nzito, na kila mwenye kuisikia huiona kuwa haina jibu. Mfano wake ni safari. Gari moja latoka Arusha kwenda Dar es Salaam, jingine latoka Korogwe wakati ule ule. La Arusha laweza kwenda mbio sana mwanzoni, lakini sharti lipite Korogwe. Na likifika hapo, la pili limekwisha kuondoka zamani. Likiwa tangu Korogwe yote mawili huenda kwa mwendo mmoja, la Arusha litafikaje kwanza? Maji ya moto, vivyo hivyo, sharti yapite katika joto lile ambalo maji baridi yalianzia. Hoja ni safi, nayo ina tundu moja. Yaamini kwamba gari lililofika Korogwe kutoka Arusha ni sawasawa na lililoanzia Korogwe. Maji yaliyotoka katika moto si yale yale: mengine yamekwisha kuwa mvuke, hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake imetoka, na juu yamekuwa na joto kuliko chini, hata mzunguko wake ni mwingine. Mwanafunzi hakuweza kulisema hilo. Mwalimu ndiye aliyepaswa kulitafuta. Lakini mwalimu wa miaka ile alikuwa na mtihani wa Cambridge mbele yake na vijana wengi nyuma yake. Swali lisilokuwamo katika muhtasari wa masomo lilikuwa gharama.

Mpemba akaanza kujisaidia mwenyewe. Siku moja aliikuta maabara ya biolojia iko wazi na hapana mwalimu. Akachukua bika mbili za sentimita za ujazo 50, moja akaitia maji ya bomba, moja maji ya moto, akaziweka katika jokofu la maabara. Saa moja baadaye barafu ilikuwa nyingi zaidi katika ile ya moto. Hakudai kwamba ameshinda. Aliona lazima ajaribu tena.

Hapo ndipo alipofika Dokta Denis Osborne, mkufunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho siku hizo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki. Mkuu wa shule alikuwa amemwalika awaeleze wanafunzi juu ya fizikia na maendeleo ya taifa. Alizungumza nusu saa, na maswali yakachukua saa nzima: juu ya kuingia chuo kikuu, juu ya mitihani, juu ya sayansi na imani ya Mungu. Kisha Mpemba akasimama. Akauliza kwa nini maji ya digrii 35 na maji ya digrii 100, yakiwa ya ujazo mmoja na yakitiwa jokofuni pamoja, yale ya digrii 100 hutangulia kuganda. Wenziwe wakacheka. Osborne alitabasamu, akataka swali lirudiwe, akauliza kama ni kweli na kama kijana mwenyewe amejaribu. Alipoambiwa ndiyo, akasema hajui sababu, lakini akirudi Dar es Salaam atajaribu.

Osborne mwenyewe aliandika baadaye kwamba moyoni alidhani kijana amekosea. Hilo ndilo linipendezalo. Hakuamini, wala hakujifanya anaamini. Alichokataa ni kulifanya swali mzaha. Wanafunzi wa Mkwawa hawakuliona hivyo. Kesho yake walimwambia mwenzao kwamba amewatia aibu kwa kumwuliza mgeni jambo asiloweza kulijibu, na mmoja akataka kujua kama kweli aliielewa sura ya Newton. Akawajibu kwamba nadharia na vitendo hutofautiana.

Dar es Salaam, Osborne alimwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akarudi na taarifa kwamba maji yaliyoanza ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba watazidi kurudia mpaka lipatikane jibu sahihi. Msomaji na acheke kidogo, mimi nimecheka. Kisha likafanywa kwa utaratibu. Bika za sentimita za ujazo 100 zilitiwa maji 70, zikawekwa jokofuni juu ya kipande cha povu kisichopitisha joto, na maji yakachemshwa kwanza ili hewa iliyomo itoke. Maji yaliyoanza karibu na digrii 25 ndiyo yaliyochelewa kuliko yote kuanza kuganda. Yaliyoanza karibu na digrii 90 yaliwahi sana. Maji yaliyopotea kwa mvuke yalikuwa machache mno kueleza tofauti hiyo. Utando wa mafuta ukiwekwa juu ya maji, kuganda kulichelewa kwa saa kadhaa. Ikaonekana kwamba joto jingi hutokea juu.

Mwaka 1969 habari hiyo ilichapishwa katika jarida la Physics Education la Uingereza, kurasa chache tu, chini ya jina Cool? Waandishi ni wawili, na Mpemba ni wa kwanza. Sehemu yake ni masimulizi yake ya shule. Ya Osborne ni majaribio, na mwishoni onyo juu ya hatari ya fizikia inayofundishwa kwa amri. Wakati huo Mpemba hakuwa tena mwanafunzi wa fizikia. Alikuwa akisoma uhifadhi wa wanyama katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi, na kazi yake ya maisha ikawa ya maliasili.

Ilionekana kisha kwamba swali lilikuwa la zamani. Aristotle alilitaja, Francis Bacon alilitaja mwaka 1620, na Descartes mwaka 1637. Mwaka huo huo wa 1969 George Kell wa Kanada naye alichapisha makala juu yake, bila ya kujua habari za Iringa. Watu wa ulimwengu wa fizikia walichagua kuliita jambo hilo athari ya Mpemba. Jina lililotungwa darasani kwa mzaha likaandikwa katika vitabu kwa heshima.

Jibu lake halijatulia. Mwaka 2012 chama cha kifalme cha wanakemia wa Uingereza kilitoa zawadi kwa atakayelieleza vizuri, yakaja majibu zaidi ya 22,000 kutoka pande zote za dunia. Januari 2013 Bwana Mpemba mwenyewe alimtangaza mshindi, Nikola Bregović wa Zagreb. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima tena kwa uangalifu mkubwa, wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi. Walionyesha kwamba hata kukiweka kipimajoto juu au chini kidogo kwaweza kuleta tofauti ya kubuniwa. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada waliacha maji yenyewe, wakatumia punje moja isiyoonekana kwa macho matupu, iliyosukumwa na miale ya leza, wakaonyesha kwamba katika hali zilizopangwa kitu kilichoanza na joto zaidi chaweza kweli kutangulia kupoa. Kuhusu punje hiyo hesabu imekamilika. Kuhusu maziwa ya Magamba, yaliyotiwa sukari na kuwekwa katika sinia la mwisho la jokofu la shule, bado wanabishana.